Mifuko Sita Iliyobaki Kwenye Friza

Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho,
Nyuma ya karakana ya matairi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kuna sauti ya kisu ambayo haijanitoka masikioni tangu mwezi wa kwanza, na nikitulia kidogo tu inarudi. Ko, ko, ko, juu ya ubao, kama mtu anayepasua kuni. Halafu kimya kifupi. Halafu kisu kilekile, ubao uleule, mkono uleule, lakini sasa kinashuka kwa ulaini, hakina hata kishindo. Nitakueleza ni kisu cha nani. Ila najua nikianza barua hivi bila kukujulia hali utaikunja uiweke chini ya sinia ya chai, useme huyu mtoto adabu zimemwisha. Kwa hiyo naanza upya.

U hali gani, Shangazi? Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari amekukataza ngazi, nami nikacheka, kwa sababu nakujua: akigeuza mgongo tu unazipanda. Zamu za wodini bado ni zile ndefu au wamekuhurumia? Mapacha nao? Katika picha mliyotuma niliona mmoja amekupita bega na mwingine amenuna kwa hilo. Baba Mapacha mwambie kichekesho chake cha daktari wa meno bado hakijachekesha, lakini tumekikumbuka.

Huku sisi wazima wa mwili. Bibi anakula vizuri na anagombana na redio yake kama kawaida. Akisikia mtangazaji amekosea jambo humjibu kwa sauti hadi majirani wanadhani ana mgeni. Mimi nimekonda kidogo. Usianze kuniuliza nakula nini.

Chumba ni kilekile unachokijua, na meza ni ile uliyonipa nilipofaulu, ila mguu mmoja nimeutia karatasi iliyokunjwa ili isicheze. Chini mafundi wa matairi wanagonga nyundo hata leo Jumapili. Nakuandikia kwa mkono, sikupigii, kwa sababu kwenye simu kuna sauti yako, na kwa sasa sitaki kuisikia. Hujafika mwisho wa barua hii utakuwa umeelewa kwa nini.

Nimesikia kwamba huko kazini huwaambia wenzako kuwa mtoto wa kaka yako anawafanyia kamba wa bwawani upasuaji. Si mbali na ukweli. Ngoja nikueleze vizuri, kwa mara ya kwanza, maana kosa lililotokea halieleweki bila kazi yenyewe.

Kamba jike hutaga usiku. Sisi hatutaki kukesha, kwa hiyo tumewageuzia siku: chumba cha mazazi kina giza mchana kutwa na taa zinawashwa jioni, na wale kina mama hawajui kwamba wamedanganywa. Saa nne asubuhi sisi tunanyata humo na vitochi vyekundu. Anayesimamia ni mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye miguu myepesi kuliko yetu sote. Tunamwita Mama Vifaranga. Jike likianza kuachia mayai yeye hupiga kelele, "Wajukuu hao! Mbio!" na sisi tunakimbia kweli, kwa sababu yai linapaswa kuchomwa kabla halijajigawa mara ya kwanza. Ukichelewa nusu saa, umechelewa moja kwa moja.

Unalichoma kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, chini ya hadubini. Ndani ya sindano kuna kitu kinachokwenda mpaka kwenye jeni moja tu, kinaikata, basi. Jeni tuliyoichagua ndiyo inayotengeneza kitasa ambacho virusi vya madoa meupe hukishika ili viingie ndani ya chembe hai. Tulitaka kamba asiye na kitasa. Kati ya mayai elfu moja unayochoma, ukipata vifaranga thelathini unashukuru. Kati ya hao thelathini, waliokatwa sawasawa ni wawili au watatu. Halafu unasubiri wakue, uwazalishe, upime watoto wao. Miaka mitatu yangu imekwenda hivyo, Shangazi, na siijutii.

Aliyenifundisha ni Baba mdogo, na hilo unalijua, maana wewe ndiye uliyempigia simu ukamwambia anichukue kwenye maabara yake. Alisimama nyuma yangu wiki nzima. Nikitetemeka anasema, "Shikilia pumzi, mwanangu. Sasa ingia. Sasa toka. Umeua. Lete lingine." Hakuwahi kunikemea. Nilipochoma yai la kwanza likaishi, aliliandikia cheti cha kuzaliwa kwenye karatasi ya maabara, akagonga na muhuri. Nimekitunza mpaka leo.

Unajua pia kwa nini kazi hii niliishika kwa meno. Nilikuwa na miaka kumi na minne mabwawa ya Baba yalipokufa. Asubuhi kamba walikuwa kando ya maji, wekundu, wana madoa kama chokaa kwenye magamba, na kufikia siku ya tano mabwawa yote manne yalikuwa yananuka. Baba alikaa mlangoni na ufunguo wa lango la maji mkononi wala hakufungua chochote. Wewe ulikuja siku ileile ukanichukua kwako. Nyasi zikaota mle bwawani, na Baba akawa mtu wa kujibu neno mojamoja.

Sasa nije kwenye mwezi wa kwanza.

Tulikuwa na matangi kumi na mawili. Sita yana vifuniko vya kijani. Humo ni kamba wetu wasio na kitasa. Sita yana vifuniko vya kijivu. Humo ni kamba wa kawaida. Wote wanalishwa nyama ya kamba waliokufa kwa madoa meupe, halafu unahesabu nani anakufa na nani anabaki. Nyama hiyo niliiandaa mwenyewe, nikaigawa kwenye mifuko kumi na miwili, mfuko mmoja kwa tangi moja, nikaandika namba kwa mkono wangu, nikaiweka kwenye friza kubwa. Tunaikata ikiwa bado barafu, ngumu kama jiwe, kwa sababu ikiyeyuka inatoa maji, na maji hayo ndiyo ya hatari.

Anayelisha anaingia chumba cha maradhi peke yake. Shahidi anabaki nje, nyuma ya kioo. Kabla mfuko haujafunguliwa, mlishaji anauinua kwenye kioo, shahidi anasoma namba, anaitia alama kwenye fomu. Asipoiona namba, anagonga kioo. Mwisho wanasaini wote wawili. Ni kanuni ndogo, hata mgeni anaielewa kwa dakika moja.

Siku hiyo mlishaji alikuwa Baba mdogo na shahidi nilikuwa mimi. Mifuko sita ya kwanza, ya vifuniko vya kijivu, aliinua mmoja mmoja nikasoma. Ko, ko, ko. Ilipofika zamu ya kijani alinipa mgongo. Nilimwona anakwenda upande wa jokofu na friza, anarudi, anainama juu ya ubao, na kisu kikaanza kushuka kilaini. Namba sikuziona. Nilikuwa na ufunguo mkononi, ningeweza kuugonga kwenye kioo. Lakini nimgongee kioo Baba mdogo, kama ninayemwamsha mlinzi? Ningeanzaje? Nikasimama. Alipotoka akaninyooshea fomu kwa ncha za vidole. "Saini tu hapo, mwanangu, mimi nimelowa." Nikatia alama sita kwa mpigo mmoja, nikasaini.

Hilo ndilo kosa langu, na nimeliandika kabla ya la mtu mwingine yeyote.

Siku ya nne vifuniko vya kijivu vilikuwa kaburi. Vya kijani, wote hai. Siku ya kumi, wote hai. Siku ya kumi na nne Mama Vifaranga alicheza kwenye korido na ndoo kichwani, Baba mdogo akanishika mabega akaniambia, "Bi Maswali, leo una swali gani?" nami sikuwa nalo. Nililia. Tukampigia Baba, tukaweka simu katikati ya meza. Baba akasema, "Basi nianze kuchimba." Maneno matatu, Shangazi. Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Akachimba kweli. Ripoti ikapelekwa kwa kamati ya usalama wa viumbe, ina saini yangu, na mabwawa ya Baba yakapendekezwa yawe ya kwanza kufanyiwa majaribio. Majirani wanane wanaotumia mfereji mmoja na yeye nao wakaanza kufyeka nyasi. Walisema mzee akipanda vifaranga, na sisi tunapanda. Vifaranga vyetu vilikuwa viende kwake kesho, Jumatatu.

Katikati ya mwezi wa pili nilikuwa natafuta nafasi kwenye friza niweke sampuli. Nikaondoa boksi moja, nikaondoa la pili, na huko chini kabisa nikakuta mifuko sita. Namba saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Mwandiko wangu. Barafu juu yake haijaguswa.

Nilikaa chini sakafuni mlango wa friza ukiwa wazi mpaka king'ora chake kikaanza kulia. Hapo ndipo kisu kiliponirudia. Nilielewa nilichokuwa nimekisikia: nusu ya kwanza alikata barafu, nusu ya pili alikata nyama mbichi ya jokofu, ile safi tunayowalisha kila siku. Kamba wetu hawakuushinda ugonjwa. Hawakukutana nao.

Na wewe, Shangazi, ndiye uliyenifundisha kusikiliza kisu. Unakumbuka? Mimi jikoni, wewe sebuleni umeweka miguu juu baada ya zamu. "Hicho kitunguu umekikosea nini? Unakikata kama kuni!" Au, "Nyama hiyo haijayeyuka, iache!" Hukuwa unaona kitu, ulikuwa unasikia tu, na hukukosea hata mara moja. Nilidhani ni uchawi. Ukaniambia si uchawi, ni kuwa makini na unachopewa ule.

Bado sikutaka kuamini. Nilichukua kipande cha mguu kwa kila kamba wa vifuniko vya kijani nikawapima. Wewe ni muuguzi, utanielewa: mtu aliyepambana na ugonjwa akaushinda anabaki na alama zake. Hawa hawakuwa na chembe ya virusi, wala wao wala maji yao.

Basi nikarudia jaribio, dogo, matangi manne, kwa mifuko ileile iliyobaki. Nililisha mimi. Shahidi alikuwa Mama Vifaranga, na nilimwambia agonge kioo kila mfuko hata kama ameiona namba. Aligonga kwa nguvu mpaka nikaogopa kitapasuka. "Umesema nigonge, nagonga!" Hakuniuliza sababu mpaka siku ya nne, vifuniko vya kijivu vilipokufa vyote, na vya kijani vikaanza kulala ubavu. Siku ya sita asubuhi alinikuta natoa wa mwisho kwa kijiko cha wavu. Akavua kofia yake ya nailoni. "Lakini hawa waliishi, binti," akasema. "Si niliwachezea na ndoo?" Akaenda kukaa kwenye giza la chumba cha mazazi, nikamwacha.

Angalia hesabu hiyo, Shangazi. Vya kijivu siku ya nne, vya kijani siku ya sita. Siku mbili. Kamba wetu walikufa, lakini walichelewa siku mbili nzima. Maana yake kitasa tulichokata ni kitasa kweli, ila virusi vina mlango mwingine hatujaujua. Hiyo ilikuwa habari ya kweli, yetu, ya miaka mitatu. Mtu angeweza kuibeba mbele ya kamati yoyote bila kuinamisha kichwa. Yeye aliizika chini ya uongo mkubwa zaidi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine kwa upande wa kazi. Upande wa nyumbani nakuja.

Alhamisi nilikwenda ofisini kwake. Alikuwa anakunywa chai. Nikaweka mezani boksi la barafu, nikafungua, nikatoa mfuko namba saba, ambao sikuutumia.

"Huu ni nini, Baba mdogo?"

"Mfuko."

"Namba ngapi?"

"Bi Maswali, leo usinianze."

"Isome tu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Nilikuwa nangoja akasirike, au ashangae, au aseme friza ilichanganywa. Hata uongo ningeupokea kidogo, angalau ungekuwa na aibu ndani yake.

"Aliyesaini ni wewe," akasema.

"Nilisaini kwa sababu ni wewe."

"Basi endelea hivyohivyo. Ni mwaka mmoja tu, mwanangu. Kizazi kinachokuja kitasimama. Tulipima mara mbili kabla hujaanza kuhesabu mwenyewe, wakafa. Wakifa mara ya tatu hapa panafungwa. Nani atamaliza hii kazi? Wewe, kwenye kile chumba chako juu ya matairi?"

"Na mabwawa ya Baba?"

"Maji ya mwaka huu ni mazuri. Hayatakufa."

"Yakifa?"

Alizungusha kijiko kwenye kikombe ambacho hakikuwa na chai tena. "Nitamwambia ni bahati mbaya. Kaka ananiamini."

Nikamwambia nitamweleza Baba mimi mwenyewe. Hapo ndipo alipocheka, si kwa ubaya, kwa uchovu. Akasema, "Unadhani niliamua peke yangu? Nenda kamuulize shangazi yako." Nikasema usimwingize Shangazi. Akachukua simu, akatafuta, akaiweka mezani kati yetu, mahali palepale tulipoiweka siku ya kumpigia Baba.

Ilikuwa sauti yako. Tarehe ya ujumbe huo uliomtumia ni siku moja kabla ya mimi kusimama nyuma ya kile kioo. Nyuma yako kulikuwa na kengele ya lifti ya hospitali, ulikuwa unatembea.

"Nimekusikia, mdogo wangu. Fanya utakavyoona, lakini mtoto asijue. Akijua hatanyamaza, nimemlea, namjua. Mpe asaini tu, mengine tutayasema baadaye. Na punguza chumvi, presha hiyo."

Niliisikiliza mara moja tu. Sikuhitaji mara ya pili, nimeishika yote, hadi chumvi. Na sijui kwa nini hiyo chumvi ndiyo iliyonivunja. Kama ungekuwa na sauti ya mtu mbaya ningejua la kufanya. Ilikuwa sauti ileile ya sebuleni, ya miguu juu ya kiti, inayomtunza kila mtu kwa wakati mmoja. Ulikuwa unamtunza yeye. Hata mimi labda ulidhani unanitunza. Ni Baba peke yake ambaye hakuwa na mtu upande wake kwenye simu ile, naye ni kaka yenu.

Nimejaribu kukutetea, Shangazi. Ijumaa alfajiri nililala macho wazi nikakutafutia sababu moja baada ya nyingine. Nikasema labda Shangazi hakumwelewa vizuri Baba mdogo, labda alidhani ni jambo dogo la karatasi. Lakini wewe ndiye uliyewahi kurudi nyumbani na hasira kwa sababu muuguzi mwenzako alisaini dawa ambayo hakuiona ikimezwa. Ulivua viatu ukavirusha. Ukaniambia, mimi nikiwa na daftari la shule mapajani, "Saini ni mwili wako. Usiuache mahali ambapo wewe hupo." Nililiandika neno hilo kwenye jalada la daftari. Kwa hiyo ulijua unanifanya niache nini pale.

Sikuandikii ili unijibu. Ninaandika kwa sababu wewe ulinizoesha kwamba jambo likishatokea ndani ya nyumba, wa ndani alisikie kwa mdomo wa mhusika kabla halijamfikia barabarani. Mimi hukunifanyia hivyo. Mimi nakufanyia.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikwenda ofisi ya kamati. Ni chumba kidogo chenye feni inayopiga kelele na karani mwenye mafua. Nilimkabidhi bahasha. Ndani kulikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza unasema kwamba mimi, shahidi wa ulishaji, nilitia alama kwa mifuko sita ambayo sikuiona, na kwamba saini yangu kwenye ripoti naifuta. Wa pili ni picha za mifuko ndani ya friza. Wa tatu ni vipimo vya kamba wa kijani na jaribio langu la marudio, pamoja na zile siku mbili, na saini ya Mama Vifaranga, ambaye nilimsihi afikirie kwanza akaniambia, "Lete kalamu, usinipotezee muda." Wa nne ni barua ya kuacha kazi. Karani alisoma kidogo, akapenga, akaniuliza, "Dada, una uhakika? Huku ni kujimaliza mwenyewe." Nikamwomba agonge muhuri kwenye nakala yangu. Akagonga. Ninayo hapa mezani, ndiyo inayozuia karatasi nyingine zisipeperuke.

Jina lako halimo kwenye kurasa hizo. Lako ni jambo la nyumbani, nimelipeleka nyumbani.

Jana nilikwenda kwa Baba. Nilimkuta amesimama ndani ya bwawa la kwanza, maji magotini, anafunga wavu kwenye bomba la kutokea maji. Alikuwa amenyoa ndevu. Nilimweleza nikiwa ukingoni na viatu mkononi, kuanzia kisu mpaka bahasha. Nilipomaliza alifungua wavu aliokuwa ameufunga, kifundo kwa kifundo, hakuukata, akaukunja vizuri akaupakata. Akasema majirani atawaambia yeye mwenyewe, kabla ya giza kuingia, nyumba kwa nyumba. Akaenda. Kesho hakuna kifaranga kitakachoingia kwenye mfereji ule.

Barua imekuwa ndefu. Salamu nazitanguliza hapa, maana kuna neno moja la mwisho ambalo nikilisema sitaweza kurudi kwenye salamu. Wasalimie mapacha, yule aliyenuna umwambie urefu utakuja. Msalimie Baba Mapacha. Bibi anakusalimu, hajui lolote bado, na akijua redio itapumzika. Mama Vifaranga, ambaye hamjaonana, alisikia nakuandikia akasema nikusalimu pia, sikujua nimwambie nini. Mungu akulinde kwenye zamu zako, akuponye hilo goti, na akupe usingizi. Dua hiyo naiomba bila kinyongo. Kinyongo nimekiweka pengine, na sijakificha.

Neno lenyewe ni hili. Baba alirudi kutoka kwa majirani, akanawa miguu, akakaa mlangoni pale anapokaa. Hakuniuliza kuhusu mdogo wake hata kidogo. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada yangu alijua?" Nilikuwa na nafasi ya kusema sina hakika. Ningeweza kusema tukuulize wewe kwanza. Nilimwambia ndiyo, alijua.

Ni mimi, mtoto uliyemlea na unayemjua,

Bi Maswali